Nani Mfanyakazi? Historia ya Haki ya Uzazi Kazini na Ujanja wa Jina la Kibarua

UTANGULIZI

Katika mafunzo ya itikadi tumezoea kueleza unyonyaji kwa kutaja saa za kazi na kiwango cha mshahara. Mkufunzi huchora ubaoni siku moja ya kazi, akaigawa mafungu mawili: fungu ambalo mfanyakazi anajitafutia riziki yake, na fungu ambalo anamfanyia bure mwenye mali. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Yanaanza na mfanyakazi ambaye amekwisha kufika kiwandani akiwa mzima, mwenye nguvu, tayari kwa kazi. Hayaulizi mfanyakazi huyo ametoka wapi, nani alimzaa, nani alimlea, na gharama ya kumzaa na kumlea ililipwa na nani.

Makala hii inalijadili swali hilo kwa kufuata historia ya likizo ya uzazi yenye malipo katika Tanganyika, na baadaye Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi na historia yake, nayo inastahili kuandikiwa makala yake.

Hoja yetu ni moja. Haki ya uzazi kazini hainyimwi sana kwa kupingwa waziwazi. Hunyimwa kwa kukanusha kwamba anayeidai ni mfanyakazi. Mwajiri hasemi kwamba sheria ni mbaya. Husema, "Sheria ni nzuri, ila wewe haikuhusu, wewe ni kibarua." Kwa hiyo mgogoro wa malipo ya uzazi, ukichambuliwa vizuri, mara nyingi ni mgogoro juu ya swali linalotangulia: nani mfanyakazi? Kada asiyelielewa swali hilo ataihubiri haki ambayo hawezi kumsaidia mtu yeyote kuipata.

MSHAHARA WA MTU MMOJA

Mkonge ulianza kupandwa nchini mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, ukawa zao kuu la mashamba makubwa chini ya Mjerumani na kisha chini ya Mwingereza. Mashamba ya Tanga, Korogwe, Morogoro na Lindi yalihitaji maelfu ya watu. Watu hao hawakupatikana kwa urahisi, kwa maana mkulima mwenye shamba lake hana sababu ya kwenda kukata mkonge wa mtu mwingine. Kodi ndiyo iliyomtoa nyumbani. Wakatoka Unyamwezi, Uha na Ubena, wengine wakatoka Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha watu, lililojulikana kwa jina la SILABU.

Tuangalie mshahara wa manamba ulivyopigiwa hesabu. Ulikuwa mshahara wa mwanamume mmoja asiye na mke, hata kama alikuwa na wake wawili. Ulimtosha kula, kujifunika na kulipa kodi. Mke, watoto na wazee hawakuwemo katika hesabu hiyo. Ilichukuliwa kwamba wao watalishwa na jembe la mwanamke aliyebaki kijijini. Mwanamke huyo ndiye aliyemzaa manamba wa kesho, akamlea mpaka akafikia umri wa kukata mkonge, na shamba halikumlipa hata senti moja kwa kazi hiyo. Na manamba aliporudi akiwa mgonjwa au amechoka, ni jembe lile lile lililompokea. Faida ya mkonge iliyopelekwa Ulaya ilikuwa na jasho la watu wawili ndani yake: mmoja aliyeonekana katika daftari la mshahara, na mwingine ambaye hakuonekana popote.

Huo ndio msingi wa kiuchumi wa tatizo letu. Ukoloni haukusahau kuweka likizo ya uzazi. Mfumo mzima ulijengwa juu ya dhana kwamba uzazi si jambo la mwajiri, bali ni shughuli ya kijijini inayojilipia yenyewe.

Lakini wanawake hawakubaki wote vijijini. Walikuwapo waliopalilia mashamba, waliochuma kahawa huko Kaskazini, na waliochuma chai Usambara na Mufindi. Hawa waliajiriwa kwa namna ambayo haikuwapa nafasi ya kudai lolote: kwa kutwa, au kwa uzito wa majani waliyochuma. Aliyechuma alilipwa. Asiyechuma, hata kama sababu ilikuwa uchungu wa kujifungua, hakulipwa, na kesho yake hakuna aliyeuliza habari zake.

KIBARUA: MKATABA UNAOZALIWA ASUBUHI NA KUFA JIONI

Mkoloni alikuwa na vyombo viwili vya kumweka mtu kazini bila kumfanya mfanyakazi kamili. Cha kwanza kilikuwa kipande. Hiki kilikuwa kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi, ambazo mtu alitakiwa kuzijaza katika muda wa siku 42. Asiyemaliza sehemu yake ya kazi siku hiyo hakutiwa alama. Kipande kilitambua siku iliyofanywa, hakikumtambua mtu aliyeifanya. Siku ya ugonjwa, ya msiba, au ya kujifungua haikuwa na nafasi katika kadi ile.

Chombo cha pili kilikuwa kazi ya kutwa. Hebu tulitazame neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu aliyeitwa kwa kazi ya siku moja. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Hilo si jambo dogo. Mtu akiitwa kwa jina la karatasi yake, inakuwa rahisi kuamini kwamba karatasi ikiisha na yeye amekwisha.

Kwa hoja ya mwajiri, mkataba wa kibarua huzaliwa asubuhi na kufa jioni. Kesho akirudi, huo ni mkataba mwingine. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kufanya kazi mahali pamoja miaka 10, chini ya mnyapara mmoja, bila kuwa ameajiriwa kwa siku mbili mfululizo. Na kwa kuwa haki nyingi za kazi, zikiwemo likizo, zinahesabiwa kwa muda wa utumishi, basi kibarua hana muda, na asiye na muda hana haki.

Walioupinga uongo huo mapema na kwa nguvu ni vibarua wa bandari ya Dar es Salaam. Waligoma mwaka 1939. Mwaka 1947 mgomo ulioanzia bandarini ukaenea hadi bara kufuata njia ya reli. Mapambano yale yalitoa fundisho ambalo Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika (TFL), lililoundwa mwaka 1955, lililirithi: kwamba kibarua si aina ya mtu, wala si aina ya kazi. Ni mpango wa mwajiri wa kugawa gharama. Meli inapakuliwa na watu wale wale kila wiki. Kinachobadilika ni karatasi tu.

HUKO KOSA KUOLEWA, HUKU KOSA KUTOOLEWA

Wakati hayo yakitendeka katika makoloni, tabaka la wafanyakazi katika nchi za viwanda lilikuwa limekwisha kulifikisha swali la uzazi mezani. Ujerumani iliweka malipo ya uzazi ya wiki tatu katika sheria yake ya bima ya wagonjwa ya mwaka 1883, ingawa yaliwahusu wanawake wenye bima hiyo tu. Urusi, mara baada ya Mapinduzi ya 1917, ilitangaza likizo ya uzazi ya wiki 16 yenye malipo, jambo ambalo Aleksandra Kollontai alikuwa amelipigania kwa miaka mingi. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika mkutano wake wa kwanza huko Washington, lilipitisha Mkataba Namba 3 juu ya ulinzi wa uzazi. Mkataba huo uliweka wiki 12, na ulisema malipo yatoke katika hazina ya umma au katika bima. Tuikumbuke kanuni hiyo ya mwisho, kwa sababu tutairudia.

Uingereza, iliyokuja kututawala, haikuwa mwalimu mzuri katika jambo hili. Katika utumishi wake wa serikali mwanamke aliyeolewa alilazimika kuacha kazi, na sharti hilo lilifutwa mwaka 1946. Katika Tanganyika, Sheria ya Ajira, Sura ya 366, iliyotungwa mwaka 1955, ndiyo iliyobaki kuwa msingi wa masharti ya kazi kwa miaka mingi hata baada ya Uhuru. Likizo ya uzazi yenye malipo chini ya utaratibu uliorithiwa ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa. Mwanamke asiye na ndoa alipojifungua alipoteza malipo.

Msomaji aone jinsi maadili yanavyotumikishwa. Huko kosa lilikuwa kuolewa, huku kosa lilikuwa kutoolewa. Sababu zilizotolewa zilipingana, lakini matokeo yalikuwa yale yale: mwanamke alizaa kwa gharama yake mwenyewe. Hoja za maadili zinapogeuka kila zinapovuka bahari, huku faida ikibaki upande mmoja siku zote, ni wajibu wetu kuitazama faida hiyo kabla ya kuyajadili maadili.

MWAKA 1975 NA MIPAKA YAKE

Miaka ya kwanza ya Uhuru ilileta mabadiliko makubwa katika hali ya wafanyakazi. Sheria ya mwaka 1962 iliweka malipo ya mtu anayeachishwa kazi. Kima cha chini kilichoanza mwaka 1963 kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi mjini Dar es Salaam. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya kulinda ajira, iliyounda Kamati za Wafanyakazi na kumbana mwajiri aliyezoea kufukuza watu apendavyo. Lilikuja Azimio la Arusha mwaka 1967, na Mwongozo wa TANU mwaka 1971, uliomkataza kiongozi kuwa na kiburi na kuwanyanyasa anaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani waliutumia Mwongozo kama silaha. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda wakakiendesha wenyewe.

Hata hivyo sharti la ndoa lilibaki. Lilibaki miaka kumi na zaidi baada ya Uhuru, katika nchi iliyokwisha kutangaza kwamba binadamu wote ni sawa. Hili linatufundisha kwamba tamko la siasa halifuti sheria mbaya. Lazima wawepo watu wa kuishika sheria hiyo kwa mkono na kuibadili. Katika suala hili kazi hiyo ilifanywa na wanawake, wakiongozwa na Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT). Umoja huo uliundwa mwaka 1962, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bibi Titi Mohamed. Hoja ya kutetea ubaguzi ilikuwa kwamba kumlipa mama asiyeolewa ni kumlipa kwa uhuni wake. Jibu la kijamaa kwa hoja hiyo ni fupi. Likizo ya uzazi si zawadi ya ndoa. Ni ulinzi wa mama aliyetoka kujifungua na mtoto aliyezaliwa, na mtoto hazaliwi na cheti.

Mwaka 1975 Sheria ya Ajira ilirekebishwa. Kila mwanamke mwajiriwa, mwenye ndoa na asiye na ndoa, akapata likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, mara moja katika kila miaka mitatu. Uzito wa hatua hiyo unaonekana tukilinganisha. Mwaka huo huo wa 1975 Uingereza, yenye viwanda vya karne mbili, ilitunga sheria ya malipo ya uzazi ya wiki 6 kwa tisa ya kumi ya mshahara, na kwa mwanamke aliyekwisha kumtumikia mwajiri mmoja kwa miaka miwili. Marekani, mwaka 1976, Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua katika kesi iliyoihusu kampuni ya General Electric kwamba mpango wa kampuni wa kuwalipa wasioweza kufanya kazi ungeweza kuwaacha nje wajawazito bila kuvunja sheria ya ubaguzi. Ilibidi Bunge lao litunge sheria nyingine mwaka 1978. Nchi maskini, iliyokuwa na Uhuru wa miaka 14, ilikuwa imewatangulia matajiri hao kwa kanuni.

Hata hivyo mchambuzi haishii kwenye kujisifu. Ushindi wa 1975 ulikuwa na mipaka mitatu. Kwanza, ulimfikia mwanamke mwajiriwa tu. Mwanamke mkulima, ambaye ndiye aliyekuwa wengi, hakuguswa. Pili, mzigo wa malipo uliwekwa kwenye mfuko wa mwajiri mmoja mmoja. Tatu, na hili ndilo kiini cha makala hii, sharti la ndoa lilipoondolewa mlangoni, sharti la ajira lilibaki limesimama pale pale. Mwajiri asiyetaka kulipa hakuweza tena kuuliza, "Umeolewa?" Lakini aliweza bado kuuliza, "Umeajiriwa?"

JINA JIPYA, MBINU ILE ILE

Katika miaka ya 1980 uchumi ulikumbwa na matatizo makubwa, na kuanzia mwaka 1986 nchi iliingia katika masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Miaka ya 1990 ilileta ubinafsishaji wa mashirika ya umma na kupunguzwa kwa wafanyakazi. Kiwanda kilichokuwa na orodha ndefu ya waajiriwa kilibaki na orodha fupi, na nje ya orodha hiyo wakawapo watu wengi wanaofanya kazi ile ile kwa majina mengine.

Majina hayo kada lazima ayajue. Yupo "mfanyakazi wa muda", ambaye muda wake hauishi. Yupo "msaidizi", "mwanafunzi wa kazi", "wakala", "mtoa huduma". Yupo anayeambiwa kwamba yeye ni mkandarasi anayejitegemea, hali anaingia saa 1 asubuhi, anatoka kwa ruhusa, anavaa sare ya kampuni na kutumia mashine ya kampuni. Na yupo msichana wa kazi za nyumbani, ambaye jina lake ni zuri kuliko yote: anaitwa "mtoto wetu". Majina yote hayo yana kazi moja, ile iliyofanywa na kikaratasi cha kibarua.

Hila hii si ya kwetu peke yetu. Uingereza, mwaka 1984, Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya kiwanda cha nguo cha Nethermere, ambamo wanawake walioshona majumbani walidaiwa kuwa si waajiriwa. Mahakama ilikubali kwamba walikuwa waajiriwa. Lakini mwaka uliotangulia mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekataa madai ya watumishi wa hoteli walioitwa kazini mara kwa mara bila ajira ya kudumu. Walioshona na waliohudumia mezani wote walivuja jasho. Tofauti ilikuwa katika namna uhusiano wao na mwajiri ulivyotafsiriwa. Ndiyo maana ILO, mwaka 2006, ilitoa Pendekezo Namba 198 linalozitaka nchi zitazame ukweli wa kazi yenyewe, na si jina lililoandikwa katika mkataba.

SHERIA ZA 2004: SILAHA ILIYOPO MKONONI

Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kupiga hatua hiyo kabla ya Pendekezo hilo. Mwaka 2004 zilitungwa sheria mbili zinazopaswa kusomwa pamoja: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Sheria ya Taasisi za Kazi. Ya kwanza inatoa haki. Ya pili inajibu swali letu la nani mfanyakazi.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinasema kwamba mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali sura ya mkataba, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata jambo moja kati ya haya: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, amepewa vifaa vya kazi na mtu huyo, au anamfanyia kazi mtu huyo peke yake. Tusisitize: jambo moja linatosha kuanzia. Mzigo wa kuthibitisha kwamba huyu si mwajiriwa unahamia kwa mwenye mali. Hilo ni pigo kubwa kwa falsafa ya kikaratasi.

Mtu akishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa haki za uzazi. Katika mzunguko wa miezi 36 anastahili likizo ya siku 84 kwa malipo, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Mtoto akifariki kabla ya mwaka mmoja, anastahili siku 84 nyingine. Mwajiri analazimika kutoa likizo hiyo kwa vipindi vinne. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Hapaswi kupewa kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Mabadiliko ya mwaka 2025 yaliongeza muda kwa mama aliyejifungua kabla ya wakati. Kwa upande wake, mwanamke anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Taarifa hiyo iwe ya maandishi, na nakala abaki nayo.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mwanamke anafanya kazi katika kiwanda cha kufungasha mboga. Amepewa mkataba wa miezi mitatu, ukaisha, akapumzishwa wiki mbili, akaitwa tena kwa miezi mitatu, akapumzishwa, akaitwa mara ya tatu. Sasa ni mjamzito na hali yake inaonekana. Mkataba wa tatu unapokwisha anaambiwa asubiri simu. Simu haipigwi. Akiuliza habari za likizo, anajibiwa kwamba hajawahi kutimiza miezi sita ya utumishi.

Jibu hilo linaonekana la kisheria, kwa maana ni kweli kwamba mwajiriwa mwenye utumishi chini ya miezi sita hastahili likizo ya malipo. Lakini anayelitoa ameusoma mstari mmoja na kuurukia unaofuata. Kifungu cha 29 kinasema pia kwamba aliyefanya kazi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka atastahili likizo ikiwa jumla ya vipindi vyote inazidi miezi sita. Mwanamke wetu ana miezi tisa. Aidha, kifungu cha 36 kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kumwongezea mkataba mtu aliyekuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa, na vile vile anapomkatalia mwanamke kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Na kifungu cha 37 kinasema ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Na kama hakupewa mkataba wa maandishi? Hapo waliokuwa wanamtisha ndio wenye kosa. Sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta penye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake.

Kinachobaki ni muda. Shauri la kuachishwa kazi linatakiwa lifikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mashauri mengine, kama kudai malipo ya likizo, ndani ya siku 60. Mwanamke aliyetoka kujifungua, mwenye mtoto mgongoni na asiye na mshahara, siku 30 humpita kama upepo. Mwajiri anajua hivyo. "Subiri simu" si ahadi. Ni saa inayohesabu.

HOJA YA GHARAMA

Wapo wanaosema kwamba ulinzi huu unawadhuru wanawake wenyewe, kwa kuwa mwajiri ataona ni nafuu kuajiri wanaume. Hoja hii tusiipuuze, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Ikiwa mwajiri mmoja analipa mshahara wa siku 84 peke yake, basi kila mwanamke kijana anayeomba kazi anaonekana machoni pake kama deni. Hapo ndipo tamaa ya kumwita kibarua inapozaliwa.

Lakini hitimisho la hoja hiyo ni potofu. Kasoro haimo katika haki, imo katika namna ya kuigharimia. Tuirudie kanuni ya 1919: malipo yatoke katika hazina ya umma au bima. Mkataba wa ILO Namba 103 wa mwaka 1952 ulisema wazi kwamba mwajiri asibebeshwe gharama hiyo peke yake. Sababu ya kanuni hiyo inapatana kabisa na uchambuzi tuliouanza kwa manamba. Mtoto anayezaliwa leo si mali ya kiwanda kimoja. Atakuwa mkulima, fundi, mwalimu au askari wa taifa zima. Kwa kuwa faida ya uzazi ni ya jamii nzima, gharama yake nayo igawanywe kwa jamii nzima. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, umeingiza mafao ya uzazi miongoni mwa mafao yake, na hiyo ni mbegu ya njia hiyo. Lakini mafao hayo nayo yanadai michango, na michango inadai kuandikishwa. Kwa hiyo tunarudi mlangoni pale pale: asiyetambuliwa kuwa mfanyakazi haandikishwi, na asiyeandikishwa hana fao.

WAJIBU WA KADA

Elimu ya siasa isiyoishia katika wajibu ni hadithi. Tunataja wajibu wa aina nne.

Wa kwanza ni wa nyumbani. Kada mwenye duka, shamba, shule au gari la abiria ni mwajiri. Kada mwenye msichana wa kazi ni mwajiri. Hawezi kusimama tawini akalaani unyonyaji, kisha akirudi nyumbani akamfungashia virago binti aliyepata mimba, kwa maelezo kwamba alikuwa "kama mwanangu tu". Mtoto wa kumzaa hafukuzwi kwa kuwa mgonjwa wa uchungu. Tukitumia lugha ya undugu kukwepa mkataba, tunauchafua undugu na kuvunja sheria kwa wakati mmoja.

Wa pili ni wa kufundisha ushahidi. Mfanyakazi afundishwe kutunza kitambulisho, karatasi za zamu, ujumbe wa kuitwa kazini, kumbukumbu za malipo ya simu, na majina ya wenzake wanaoweza kumshuhudia. Kifungu cha 61 kinapata nguvu kutokana na vitu vidogo kama hivyo.

Wa tatu ni wa chama cha wafanyakazi. Tawi linalohudumia walio katika orodha ya mishahara tu na kuwaacha vibarua nje ya geti linamsaidia mwajiri kuigawa nguvu ya wafanyakazi. Wenye ajira ya kudumu wakumbuke kwamba kila kibarua aliyeko getini ni tishio juu ya masharti yao wenyewe.

Wa nne ni wa sera. Chama kinachoongoza dola kina uwezo wa kuitaka serikali yake ipanue mfuko wa pamoja wa kugharimia uzazi, uwafikie wafanyakazi wa majumbani, wa mashambani na wanawake wakulima, ambao tangu zama za manamba wameendelea kuwalea wafanyakazi wa nchi hii bila kulipwa.

HITIMISHO

Historia tuliyoifuata inaonyesha milango mitatu. Mkoloni aliufunga mlango kwa kusema uzazi haumhusu mwajiri. Utaratibu wa kurithi uliufunga kwa cheti cha ndoa mpaka mwaka 1975. Leo mlango unafungwa kwa jina la kibarua. Milango miwili ya kwanza ilifunguliwa na watu waliojipanga, waliojua wanadai nini na kwa nani. Wa tatu una ufunguo tayari, uliotungwa na Bunge mwaka 2004. Ufunguo huo hautafungua kitu ukibaki kabatini katika ofisi ya tawi, wakati kuna mwanamke getini anayesubiri simu na siku zake 30 zinahesabika.